Madam na Madirisha ya Muhuru

Kitu cha kwanza alichonifundisha Madam ni kuondoa mkono.

Nilikuwa fundi umeme mwenye uzoefu wa miaka minane, nina mke na watoto wawili, na pale nilikuwa nafundishwa kushika kipanya cha kompyuta kama mtoto wa nasari. "Sogeza," alisema. "Haya, bonyeza. Mara moja tu. Sasa toa mkono kabisa, weka kwa mapaja. Ngoja."

Nikangoja. Kwenye skrini hakikutokea kitu. Nilihesabu hadi ishirini na mbili, ndipo mstari mmoja mweusi ukajichora juu, kisha mwingine chini yake, kisha mwingine, kana kwamba kuna mtu nyuma ya kioo anayesuka mkeka. Dirisha lilichukua dakika tatu kukamilika. Ndani yake mlikuwa na namba nne na vitufe viwili.

"Hiyo ni Muhuru," Madam akasema. "Umefika."

Tulikuwa Suna, mjini Migori, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Muhuru Bay ilikuwa mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, kule ziwa linapokaribia Tanzania. Mradi wa maji uliotuajiri ulikuwa na nyumba ya pampu kule. Pampu ilivuta maji ya ziwa, yakachujwa, yakatiwa klorini kutoka kwenye mtungi wa gesi, yakapandishwa hadi tangi la mlimani, ndipo yakashuka kwa mifereji ya watu. Kila kitu kiliongozwa na kompyuta moja kuukuu iliyokaa kwenye chumba kidogo karibu na mtungi. Kazi ya Madam ilikuwa kuyaleta madirisha ya kompyuta ile mpaka mezani petu Suna, ili aone anachokiona mtu wa kule na kubonyeza anachobonyeza.

Njia aliyotumia ilikuwa redio. Kulikuwa na modemu huku, modemu kule, na mlingoti juu ya kilima katikati. Kwa kasi ya redio ile, wimbo mmoja wa simu ungechukua zaidi ya saa nzima kufika. Watu walimcheka. Meneja alileta dishi la intaneti, radi ikalipiga. Akaleta la pili, radi ikalipiga. Simu nazo, ukiingia tu nyumba ya pampu zilishika mtandao wa ng'ambo na kukukaribisha Tanzania. Redio ya Madam haikufa hata siku moja. "Yangu ni polepole," alisema, "lakini inafika."

Aliitwa Madam kwa sababu kabla ya hapo alifundisha fizikia kwenye shule ya wasichana Homa Bay, na wasichana wake walikuwa wamejaa kila ofisi ya upande huu: karani wa benki, nesi, hakimu mmoja. Akiingia popote, kuna mtu alisimama. Mwishowe hata meneja, mwanaume wa umri wake, alimwita hivyo, na sidhani kama alilijua jina lake lingine.

Alikuwa mvumilivu kwa mashine na hana subira kabisa kwa watu. Angeweza kukaa nusu saa akitazama dirisha likijichora bila kupepesa macho, lakini ukianza kusimulia jambo alikumalizia sentensi. Chai aliitoa kwenye jiko kabla haijachemka. Salamu za kwetu ni ndefu, yeye aliuliza "Wazima nyumbani?" na kabla hujajibu alikuwa ameshafika kwenye shida yake. Nikimlalamikia alicheka. "Mashine haiwezi kuongeza kasi, Marwa. Wewe unaweza."

Kwenye laini ya redio alikuwa bahili kupindukia. Alitoa rangi zote kwenye madirisha ya Muhuru, akatoa vivuli, akatoa nembo ya mradi na picha ya tangi la bluu ambalo lilikuwa likijaa na kupungua kama la kweli. "Rangi ni mzigo. Nataka namba." Lakini mwenyewe alivaa vitenge vya tausi na maua makubwa kama sahani, na hereni zilizogonga simu akiongea. Siku moja nilimwambia kwamba yeye mwenyewe hangepita kwenye laini yake. Akasema ndiyo maana yeye husafiri kwa barabara.

Wiki yangu ya pili nilipasua bomba. Madam alikuwa ametoka kwenda kliniki, nami nikataka kuwasha pampu. Nilibonyeza, kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza mara tatu nne mfululizo, kisha nikaogopa, nikabonyeza kitufe cha kuzima, kisha cha kuwasha. Yote yale yalipanga foleni hewani, na yalipofika yalifika pamoja. Pampu ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Maji yaliyokuwa yakipanda mlimani yakageuka na kurudi kwa kishindo, na bomba karibu na soko la Muhuru likapasuka urefu wa mtu. Siku mbili watu walirudi kuteka ziwani.

Madam aliporudi, dakika chache tu baada ya kishindo, hakufoka. Alinisimamisha mbele ya skrini. Nilikuwa nimeweka mikono mfukoni. Kwenye dirisha, kile kishale kidogo cha upande wa Muhuru kilikuwa bado kinatembea, kikipita kila nilipokuwa nimepita, kikisimama nilipositasita, kikiruka nilipoogopa.

"Angalia," akasema. "Mkono wako bado uko kule."

Tulikitazama mpaka kikatulia. Tangu siku ile sikuhitaji kukumbushwa kutoa mkono.

Kompyuta zetu mbili za Suna zilitoka Homa Bay, kwenye ghala la kugandisha samaki lililokuwa limefungwa. Zikipata joto zilinuka samaki wa mbuta. Skrini moja, ya aina ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, ilikuwa na kivuli cha dirisha la wamiliki wake wa kwanza, kimeungua ndani ya kioo: jedwali, safu za uzani, na mahali palipoandikwa jina la mpokeaji. Ukizima taa ulikiona nyuma ya madirisha yetu. Msichana aliyekuwa akisafisha ofisi aliacha kuingia chumba kile. Alisema kuna jachien, mzuka wa mtu aliyekufa na hasira.

"Hakuna jachien," Madam alimwambia. "Ni kioo kimechoka kwa kutazama kitu kimoja. Hata wewe ukitazama bwana mmoja miaka kumi utabaki na alama."

Hivyo ndivyo alivyokuwa: mtu wa kanisa la Jumamosi na mtu wa fizikia, na kote kuwili hakuna nafasi ya mzuka. Lakini kabla ya kufungua dirisha la Muhuru alisema "Hodi," kwa sauti, kila mara. Nilimuuliza siku moja anambishia hodi nani. Akanikazia macho. "Kuna mtu amekaa kule. Wewe huingia kwa watu bila hodi?"

Mtu aliyekaa kule alikuwa Ouma, mhudumu wa pampu, mpole, mrefu, aliyeandika kwa kidole kimoja. Kwa sababu ya simu, Madam aliweka kidirisha cha kuandikiana ambacho kilionekana pande zote mbili. Ouma akigusa herufi kule, nasi tuliiona huku baada ya muda. Alikipenda mno. Kila ujumbe ulianza kwa "madam", herufi ndogo, kisha akapumzika, kisha akaandika shida. Madam mvua imekuja. Madam kuna nyoka ya kijani kwa mlango. Madam tangi limejaa na mimi nimeshiba. Mara ishirini kwa siku. Kila kidirisha kilipofunguka kilikula laini, na dirisha kubwa alilokuwa akilichora Madam likasimama katikati. Alikuwa akiguna, "Huyu mtu!" Lakini alimjibu.

Alimjua kwa mapumziko yake tu. Aliweza kutazama herufi zikiingia na kusema, "Leo ana homa," au, "Huyo si Ouma, ni yule jamaa wa zamu." Nilidhani ananitania hadi siku tulipompigia mke wa Ouma na kukuta kweli amelazwa na malaria, na aliyekuwa akituandikia ni mwenzake.

Kuhusu namba alikuwa na neno lake moja. Meneja akisimama nyuma yetu na kusema tangi liko nusu, Madam alisema, "Lilikuwa. Unachokiona kimeshapita." Alitaka tukumbuke kwamba hakuna siku tuliyowahi kuitazama Muhuru yenyewe. Tuliitazama Muhuru ya dakika mbili au tatu zilizopita.

Siku lilipotokea jambo lile ilikuwa Jumanne, saa nane na ushee mchana, jua kali. Mimi nilikuwa juu ya paa nakaza kebo ya antena. Niliposhuka nilimkuta Madam amesimama, jambo ambalo hakulifanya akiwa kazini. Kidirisha cha Ouma kilikuwa wazi, na ndani yake herufi moja ilikuwa ikijirudia.

mmmmmmmmmmmmmmmmmmmm

Mstari ulijaa, ukaanza mwingine. Hapakuwa na mapumziko yoyote. Zilikuja kwa mwendo mmoja, sawasawa, kama mvua juu ya bati.

"Kitufe kimenata," nikasema.

"Hapana," Madam akasema polepole. "Huyo amelala juu yake."

Akaketi. Aliita dirisha la klorini. Fremu yake ilijichora nusu, halafu ikakwama, kwa maana herufi zilikuwa zimejaza laini yote kutoka kule. Amri zetu zingeweza kwenda. Majibu ndiyo yalikuwa nyuma ya foleni ya herufi. Kilichokuwa mbele yetu ni boksi jeupe, tupu, na ndani yake, mahali fulani, palipaswa kuwa na kitufe cha kufunga vali ya gesi. Pembeni yake, kidole kimoja tu kutoka hapo, palipaswa kuwa na kile cha kuifungua mpaka mwisho.

Madam aliweka kiganja cha kushoto juu ya kioo. Vidole vinne kutoka ukingoni, vitatu kutoka chini. Mdomo wake ulikuwa ukienda bila sauti. Akasogeza kishale mpaka kikagusa ncha ya kidole chake, ndani ya weupe ule usio na kitu, akabonyeza mara moja. Kisha akatoa mkono na kuuweka mapajani.

"Piga Mama Akoth," akaniambia bila kugeuka.

Mama Akoth alikaushia omena, dagaa wa ziwani, hatua chache kutoka nyumba ya pampu, na simu yake, kwa kuwa alikaa upande wa ufukoni, ilishika mtandao wa huku. Nilimpa Madam simu. Aliongea Kijaluo haraka. Mimi Mkuria nikashika nusu. Asiingie kwanza. Asimame upande upepo unakotoka. Afungue milango yote miwili kwa mti mrefu, aloweshe kanga, afunge pua, aite wanaume wawili wa mashua. Wasiiname, kwa sababu gesi ile hukaa chini. Wasirudi kutafuta kitu.

Tuliisikia simu ikihema, ikikimbia. Mlango. Kikohozi. Mtu akilia jina. Halafu Mama Akoth, kwa Kiswahili, labda kwa sababu alisahau anaongea na nani: "Tumemtoa! Yuko nje, tumemlaza kivulini. Anapumua, Madam. Macho imefunga lakini anapumua."

Nilimtazama Madam nikitaka kufurahi. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama skrini, nami nikageuka.

Ouma alikuwa bado anaandika. Amelazwa kivulini, watu wanampepea kwa kanga, na pale mbele yetu kidole chake kilikuwa hakijainuka. Mstari baada ya mstari. Kwa dakika saba zilikuja herufi za mtu ambaye hakuwa tena ndani ya chumba kile. Kisha zikakatika, ghafla, katikati ya mstari. Dirisha jeupe likaanza kujichora tena, na chini kabisa likajaza neno tulilolingoja: vali imefungwa.

Ouma alifariki siku ya tatu hospitalini. Mapafu.

Kwenye mazishi Madam alisifiwa. Msemaji baada ya msemaji alieleza jinsi mama huyu akiwa Suna alivyojua, kwa kuona herufi moja tu, kwamba mtu anakufa Muhuru. Jinsi alivyofunga gesi bila kuona, na kwamba bila yeye waliokimbilia mlango ule wangekufa pia. Yote yalikuwa kweli. Madam alikaa safu ya pili, amevaa gauni la kijivu lisilo na ua hata moja, na alitazama viatu vyake.

Wiki tatu baadaye alinituma Muhuru kubadilisha kibodi. Mhudumu mpya alikuwa amekataa kuketi pale. Alisema kidirisha hufunguka chenyewe. Madam alikasirika sana, akasema klorini imekula nyaya, nazo zikipata unyevu wa ziwa zinagusana. Nilibeba kibodi mpya ndani ya boksi.

Chumba kilikuwa kimepakwa rangi upya lakini kilikwaruza koo. Nilichomoa kibodi ya Ouma na kuiweka mapajani nikaigeuza. Vitufe vilikuwa vimefifia, kingo zimebadilika rangi kuwa kijani. Mpya ilikuwa bado kwenye boksi, juu ya ukingo wa dirisha la ukutani. Nilikuwa peke yangu. Saa nne asubuhi, nje kulikuwa na jua na harufu ya omena na wanawake wakicheka.

Kidirisha kikafunguka. Mstari wa juu, wa pembeni, wa chini. Ndani yake ikaingia herufi moja.

m

Niliitazama ile kibodi mapajani mwangu. Waya wake ulikuwa umening'inia hadi sakafuni, haujagusa kitu. Vidole vyangu havikuwa juu ya kitufe chochote.

Nilifikiri simu italia, nikakumbuka kwamba mle ndani simu iko Tanzania. Madam alikuwa Suna, ameketi mbele ya kidirisha kile kile, anaona kile kile. Nilingoja afunge. Muda ulipita, labda dakika tatu, labda nne. Kisha chini ya ile herufi maneno yakaanza kuja kutoka upande wake, moja moja.

nimesoma ouma

Kidirisha kikajifuta. Nilichomeka kibodi mpya, nikajaribu kila kitufe, nikatoka nje nikakaa kwa Mama Akoth.

Niliporudi Suna jioni ile nilimkuta Madam anajaza fomu. "Kibodi inafanya kazi?" akauliza. Nikasema inafanya. "Ile ya zamani?" Nikamwambia, Madam, ile ilikuwa imechomolewa. Ilikuwa mapajani mwangu.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu hakuimalizia sentensi yangu. Alingoja kama kuna zaidi. Halafu akasema ni kadi ya ndani imeharibika, ataagiza nyingine, na akaagiza. Ilipowekwa, kidirisha hakikufunguka chenyewe tena. Hatukuliongelea. Miezi michache baadaye akastaafu, akahamia Kendu Bay, na mimi nikakalia kiti chake.

Nilikuwa nikimpigia simu sikukuu na siku za mvua kubwa. Mwaka huu, baada ya Pasaka, alinipigia yeye. Alitaka nimtembelee, nije na gari, nije mapema.

Nilimkuta amejitayarisha, mkoba begani, ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani. Alikuwa amekonda. Hakunipa chai. Hakuuliza habari za nyumbani hata kwa ule ufupi wake. "Kaa kwanza," akasema. "Nikikuambia halafu ukikataa kunipeleka, nitapanda gari za watu."

"Wapi, Madam?"

"Muhuru. Kwa Nyar Karungu." Hivyo ndivyo alivyoitwa mke wa Ouma, binti wa kutoka Karungu.

Akaniambia. Siku ile nilipokuwa juu ya paa, alikuwa anachora dirisha la ripoti ya mwezi. Lilikuwa kubwa, alikuwa amelingoja robo saa, limebaki kidogo. Kidirisha cha Ouma kikafunguka. Kikaandika "madam". Kikapumzika.

"Nikakifunga," akasema. "Nilijua ni nyoka ama mvua. Nikakifunga ili ripoti imalizike. Kikafunguka tena. Kikaandika madam. Marwa, hakikupumzika. Kawaida yake ni neno, kimya, ndipo shida; sasa ilikuwa neno juu ya neno, madam, madam. Mimi, mtu wa kujua homa yake kwa mapumziko. Niliona kabisa kwamba hakupumzika. Nikakifunga mara ya pili. Ya tatu ndiyo uliyoikuta. Hiyo m uliyoiona ilikuwa ni mimi. Ilikuwa mwanzo wa jina langu."

Nilimuuliza ni muda gani ulipita.

"Ripoti ilimalizika," akajibu. "Ndio muda uliopita."

Tuliondoka saa tatu. Tulipita Homa Bay, tukapita Rongo, tukapita Migori bila kusimama, na katika njia nzima alisema neno mara mbili tu, zote kuniomba nipunguze mwendo. Nilielewa kwamba anaogopa kufika.

Nyar Karungu alikuwa anapepeta omena uani. Alituona, akafuta mikono, akaleta viti, na kwa ajili yangu akasalimia kwa Kiswahili. Madam hakukubali kukaa. Alisema yote akiwa amesimama, mkoba begani, bila kujitetea, kwa sauti ile aliyofundishia: cha kwanza kilichotokea, cha pili, cha tatu. Alipofika mwisho akasema, "Walinisifu kwa kaburi ya bwana yako na mimi nikanyamaza. Nimekuja kutoa hiyo sifa."

Mwanamke yule aliokota omena moja iliyoanguka, akaiweka kwenye ungo. Nilisikia ziwa.

"Madam," akasema hatimaye, "siku hiyo saa saba alikuja kula. Alisema huko ndani kunanuka, kichwa inamuuma, anataka kulala kidogo. Nikamwambia hiyo ni uvivu. Nikamwambia arudi kazi, watu wanangoja maji." Alikuwa akiutazama ungo. "Aliweka kofia akaenda. Hakubishana hata. Sijawahi ambia mtu. Hata mama yake."

Hakuna aliyelia. Madam alikuwa amefungua mdomo, kama kawaida yake, kummalizia mtu neno, kisha akaufunga. Akaushusha mkoba begani, taratibu, akauweka chini. Akakaa. Nyar Karungu akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

Nilijiona niko mahali ambapo sistahili, nikasema nitaenda kuangalia maji ya rejeta. Nilisimama kando ya gari nikitazama upande mwingine hadi jua likaanza kushuka. Niliporudi kuuliza kama tuanze safari, ungo ulikuwa juu ya magoti ya Madam, naye alikuwa akitoa mchanga kwenye omena kwa vidole, wote wawili wakiongea Kijaluo kwa sauti ya chini sana.

Nyar Karungu ndiye aliyeinua kichwa.

"Wewe rudi na gari yako, Marwa," akasema. "Madam analala hapa."